Majina ya Waliokwenda Kariakoo: Jinsi ya Kuwapa Mahali Kanisani

Kama nyumbani kwenu ni Kisegi, au popote kwenye ufuo huu kuanzia Gwassi kushuka hadi Karungu, huenda ukoo wenu una mtu aliyekwenda vitani na hakurudi. Wazee humtaja kwa kifupi: "Huyo alichukuliwa Kariakoo," au "Huyo aliingia Keya, akapotelea Bama." Kariakoo ni kikosi cha wapagazi, yaani watu waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Mwingereza katika vita vya Mjerumani, kati ya 1914 na 1918. Keya ni jeshi la King's African Rifles, KAR kwa kifupi. Bama ni Burma, nchi ya Asia ambayo leo inaitwa Myanmar, walikopelekwa vijana wetu wakati wa vita vya Hitler.

Makala haya ni ya parokia au ushirika unaotaka kuwapa watu hao mahali ndani ya kanisa lao la zamani. Mahali hapo huitwa kikanisa cha kumbukumbu. Ni pembe ya kanisa au chumba cha pembeni chenye meza au altare ndogo, majina ukutani, na nafasi ya watu wachache kuketi wakasali. Hakihitaji jengo jipya wala mfadhili kutoka ng'ambo. Kinachohitajika zaidi ni subira ya kuyatafuta majina, na ndiyo sababu sehemu kubwa ya maelezo yafuatayo inahusu majina kuliko mawe.

Je, vita vilifika kwetu kweli? Vilifika, na mapema sana. Septemba 1914, mwezi mmoja hivi baada ya vita kuanza, askari wa Kijerumani walivuka mpaka kutoka upande ambao leo ni Tanzania, wakaingia mji wa Kisii na kuishika Karungu. Tarehe 12 Septemba walipigana na KAR huko Kisii, pande zote mbili zikaumia, na Wajerumani wakarudi nyuma. Siku chache baadaye meli ya Mwingereza iitwayo Winifred ilijaribu kuingia ghuba ya Karungu, ikafukuzwa na meli ya Kijerumani, Muansa. Ikarudi ikiwa pamoja na meli nyingine, Kavirondo, na safari hiyo Muansa ndiyo iliyoondoka. Kwa hiyo mtoto wa Kisegi anayesoma shuleni kwamba vita vile vilikuwa vya Ulaya anapaswa kuambiwa kwamba mizinga ilisikika kwenye maji haya haya tunamovua omena.

Hata hivyo, waliouawa na risasi walikuwa wachache wakilinganishwa na waliouawa na mzigo. Kikosi cha wapagazi kiliundwa Septemba 1914 chini ya ofisa aliyeitwa Oscar Watkins. Mwaka 1917 kazi ya kuwakusanya watu ilikabidhiwa John Ainsworth, ambaye kabla ya hapo alikuwa mkuu wa mkoa wa Nyanza na aliwafahamu vizuri machifu wa huku. Kila chifu alitakiwa kutoa watu, na wengi walichukuliwa kwa nguvu. Katika vita vyote vya Afrika Mashariki, Mwingereza alitumia wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja kutoka makoloni yake mbalimbali. Hesabu rasmi ya waliokufa ilipita 95,000, na wanahistoria wengi wanaamini idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia, baridi ya milimani na chakula kibaya, hasa unga wa mahindi uliosagwa ovyo na kupikwa bila kuiva, ambao matumbo yao hayakuuzoea. Vita vyenyewe vilikwisha hapa kwetu tarehe 25 Novemba 1918, pale jeshi la Mjerumani liliposalimisha silaha Abercorn, mji ambao sasa ni Mbala nchini Zambia. Hiyo ni wiki mbili nzima baada ya bunduki kunyamaza Ulaya.

Sasa utauliza: hawa hawana kumbukumbu tayari? Wanayo, lakini iangalie kwa makini. Ukifika Nairobi, pita Kenyatta Avenue uione sanamu ya shaba ya watu watatu, mmoja wao akiwa mpagazi. Huhitaji tiketi, iko kando ya barabara. Kuna nyingine Mombasa, na Dar es Salaam ina yake ya askari mmoja. Maandishi yapo kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Jina la mtu hutaliona, hata moja.

Kisha, siku ukipata safari ya Nyeri, nenda Mathari, karibu na hospitali ya misheni ya Consolata. Pale kuna kanisa la kumbukumbu lililojengwa 1952 kwa ajili ya Waitaliano waliokufa wakiwa wafungwa wa vita nchini Kenya. Walitekwa Ethiopia na Somalia mwaka 1941, wakaletwa huku, na wengine wao ndio waliojenga kile kikanisa kidogo cha barabarani kule Mai Mahiu. Ndani ya kanisa la Mathari, mabaki ya wafungwa 676 yamewekwa kwenye vijumba vidogo vya ukutani, safu juu ya safu, na majina yao yameandikwa hapo. Mkuu wao, Amedeo, Mtawala wa Aosta, aliyefariki Nairobi tarehe 3 Machi 1942, amezikwa humo humo pamoja na askari wake. Simama katikati ya kanisa lile usome ukuta. Utaona jinsi mtu wa kawaida, koplo au dereva, anavyobaki kuwa mtu kwa sababu tu jina lake limeandikwa.

Hao walikuwa mateka, tena wa upande ulioshindwa. Wapagazi wa Gwassi na Karungu walikuwa upande ulioshinda, na karibu wote hawana hata mstari mmoja. Mimi hilo linaniuma, na sidhani kama linahitaji kupambwa kwa maneno. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ijulikanayo kwa herufi CWGC, ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu kati ya 116,000 na labda 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Radhi hiyo haiwezi kuwataja watu ambao majina yao hayakuandikwa au yalipotea. Kazi hiyo inabaki kwa wenye ukoo.

Uanzie wapi, basi? Anza kwa paroko au mchungaji wako, kabla hujaitisha mchango wowote. Kanisa si mali ya kamati, na kubadilisha kitu ndani yake kuna utaratibu. Kwa Wakatoliki, peleka wazo kwenye halmashauri ya parokia, kisha paroko aandikie Dayosisi ya Homa Bay, ambayo inahudumia kaunti zote mbili, Homa Bay na Migori. Kwa Waanglikana, kikao cha parokia kikishapitisha, ombi huenda kwa askofu ili atoe kibali cha maandishi. Waadventista hawana desturi ya altare za pembeni, lakini baraza la kanisa linaweza kukubali ukuta wa majina nyuma ya kanisa au chumbani pembeni, na kwa lengo letu hilo linatosha kabisa. Ombi liwe ukurasa mmoja: mnataka sehemu ipi, itafanyiwa nini, nani atagharamia, nani atatunza. Ambatisha picha ya mahali penyewe iliyopigwa kwa simu.

Kama jengo lenu ni la zamani sana, uliza pia kama limetangazwa kwenye gazeti la serikali kuwa turathi ya taifa. Likiwa limetangazwa, sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006 hairuhusu kubomoa wala kubadilisha chochote bila idhini ya Makavazi ya Taifa. Makanisa mengi ya vijijini hayajatangazwa, lakini kuuliza ni bure, na kubomoa ukuta unaolindwa na sheria ni kesi.

Wakati mnangoja kibali, nunua daftari kubwa lenye jalada gumu, lile la shilingi mia chache dukani. Hilo ndilo moyo wa kazi yote. Chora safu hizi: jina la aliyekwenda, jina la baba yake, ukoo, kijiji, vita gani, alirudi au hakurudi, nani ametoa habari, na tarehe ya mazungumzo. Safu mbili za mwisho watu huziruka, na bila hizo daftari halina nguvu. Miaka kumi kutoka sasa mtu atauliza, "Nani alisema?" na lazima jibu liwepo.

Wazee uwaulize nini? Usianze na tarehe. Mzee wa miaka tisini leo hakuwa amezaliwa vita vya Mjerumani vilipokwisha. Anachokijua alikisikia kwa baba au kwa bibi. Anza na nyumba. Nani katika boma hili alichukuliwa na chifu? Mke wake alibaki na nani? Shamba lake alilima nani? Mtoto gani alipewa jina lake? Kwa Waluo na kwa Wasuba wa Gwassi, aliyekufa mbali hurudi kwa jina la mtoto, kwa hiyo mara nyingi jina unalolitafuta liko hai, linachunga mbuzi nje ya dirisha.

Uliza pia kama kuna nyumba iliyozika yago. Yago ni lile tunda refu zito linaloning'inia kwenye mti wa mwegea. Desturi ya Waluo ni kwamba mtu akifia mbali na mwili usipatikane, tunda hilo huzikwa badala yake, matanga yakafanywa, na nyumba ikapumzika. Baadhi ya wahubiri hawaipendi desturi hiyo, na mjadala huo uacheni kwa siku nyingine. Kwa mtafutaji wa majina, kaburi la yago ni ushahidi mzito kuliko karatasi nyingi, kwa maana watu hawakuchinja ng'ombe wa matanga kwa mtu wa kubuni. Omba uonyeshwe mahali, piga picha ukikubaliwa, na uandike jina.

Zungumza na wazee wawili au watatu wa ukoo mmoja kila mmoja kwa wakati wake, wasikae pamoja. Wakikaa pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye atakayekumbuka kwa niaba ya wote. Zungumza na akina mama wazee zaidi ya unavyodhani inafaa, maana wao ndio waliosikia hadithi ya mjane aliyebaki, na mjane hasahau mwaka alioachwa. Sikiliza alama za wakati: kabla au baada ya ile homa kubwa iliyopita dunia nzima mwaka 1918, kabla au baada ya njaa iliyofuatana nayo. Alama kama hizo zitakusaidia kutofautisha aliyekwenda Kariakoo na aliyekwenda Keya wakati wa Hitler. Familia nyingi zimechanganya babu na baba yake.

Kama familia ina medali sandukuni, iangalie ukingoni, pale pembeni penye unene wa sarafu. Tumia mwanga wa simu. Medali nyingi za vita vya kwanza zilichongwa jina na namba ya mwenyewe ukingoni. Medali za vita vya pili walizopewa askari wa huku kwa kawaida hazina jina, kwa hiyo ukikuta ukingo mtupu usikate tamaa wala usidhani ni bandia. Tafuta cheti cha kuachishwa jeshi, barua, au kipande chochote chenye namba. Usiisugue medali kwa majivu au dawa ya viatu ili ing'ae. Unaweza kufuta herufi unazozitafuta. Na kama ilitupwa au kufichwa wakati wa Mau Mau, kama ilivyotokea kwa wengi, jua kwamba si aibu: Novemba 2023 wakongwe kadhaa wa Kenya walipewa medali mpya badala ya zile za zamani, na Mfalme Charles mwenyewe, katika makaburi ya Kariokor, Nairobi.

Baada ya mdomo, karatasi. Mahali pa kwanza ni simu yako. Ingia cwgc.org, sehemu ya kutafuta waliokufa vitani. Ni bure na huhitaji kujiandikisha. Kwa vita vya pili unaweza kupata bahati nzuri, kwa sababu waliokufa waliandikwa kwa majina. Weka jina moja tu, chagua vita, kisha uchague kikosi: King's African Rifles, East African Army Service Corps iliyokuwa ya madereva na wachukuzi, East African Military Labour Service iliyokuwa ya vibarua, au East African Artillery ya mizinga. Makarani wa wakati ule waliandika majina kama walivyoyasikia. Odhiambo anaweza kuwa Odiambo au Othiambo. Ochieng' ataandikwa Ochieno au Ojeng. Jaribu kila namna. Ukipata jina linalokaribia, fungua ukurasa wake usome maelezo ya chini, maana wakati mwingine huandikwa "mwana wa fulani, wa South Kavirondo". South Kavirondo ndiyo iliyokuwa wilaya yetu enzi hizo, makao yake yakiwa Kisii, na Kavirondo lilikuwa jina ambalo wakoloni walilitumia kwa watu wa pande hizi. Kwa hiyo usitafute Gwassi, Suba, Homa Bay wala Migori.

Ukurasa huo utakuambia pia jina lake liko wapi. Wengi wa Burma wasio na kaburi wameandikwa kwenye mnara ulio katika makaburi ya Taukkyan, nje ya jiji la Yangon. Waliofia Ethiopia, Somalia na Madagaska bila kaburi kujulikana wako kwenye mnara wa Afrika Mashariki ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Hapo hapo wako waliozama na meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa Februari 1944 kwenda Colombo ikapigwa na manowari ya Kijapani karibu na Maldivi tarehe 12 mwezi huo. Ilikuwa na kikosi kizima cha wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, na zaidi ya watu 1,200 walizama kwa muda wa dakika chache. Kama kwenu husemwa "alipotelea baharini", anza hapo. Kuingia makaburi ya Ngong Road hakuna malipo. Beba karatasi nyembamba na penseli laini, upate nakala ya jina kwa kulipaka juu ya maandishi. Ukiirudisha kijijini, itafanya kazi ambayo picha ya simu haiwezi.

Kwa vita vya kwanza usitegemee sana mtandao. Mpagazi wa Gwassi huenda msimkute huko. Nendeni kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa, Moi Avenue, Nairobi, katika lile jengo la zamani lililokuwa benki. Humo mna ripoti za kila mwaka za wilaya ya South Kavirondo, zenye alama ya DC/KSI, na faili za mkoa wa Nyanza zenye alama ya PC/NZA. Mwambie karani alama hizo na miaka mnayoitaka, 1914 hadi 1920. Hamtakuta orodha ya kila mtu. Mnachoweza kukuta ni idadi ya watu walioitishwa, machifu walioitishwa, na pengine barua kuhusu mishahara ya waliokufa, ambayo sehemu yake kubwa haikuwafikia wajane kamwe. Habari hizo hupima maneno ya wazee. Mzee akisema kijiji kilitoa watu mwaka fulani na ripoti ikasema vivyo hivyo, daftari lenu linapata mguu wa kusimama.

Gharama za huko si kubwa. Beba kitambulisho. Kuna ada ndogo ya kibali cha kusoma, na nakala hulipiwa kwa ukurasa, kwa hiyo uliza bei kabla ya kuagiza. Ada za serikali siku hizi hulipwa kupitia eCitizen, namba ya malipo 222222, na mfumo wenyewe hukata kiasi kidogo juu yake. Usimpe mtu pesa mkononi kwa ahadi ya kukuharakishia. Kinachokula pesa ni nauli na malazi, hivyo atumwe mtu mmoja au wawili wanaosoma Kiingereza cha mkono vizuri, tena wakae siku za kutosha. Kabla ya kufunga safari, piga simu matawi ya nyaraka ya Kisumu na Kakamega uulize kama faili unayoitaka ipo. Huenda ukaokoa safari nzima ya Nairobi.

Usisahau madaftari ya ubatizo na ndoa. Parokia changa zimezaliwa na za zamani, na mara nyingi jina la babu liko kwenye daftari la misheni mama. Wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill waliingia Nyabururu, Kisii, mwaka 1911, na Waadventista walikuwa Gendia, karibu na Kendu Bay, tangu 1906. Lakini tarehe hizo zinatuambia jambo jingine pia: vita vilipoanza, kanisa katika nchi hii lilikuwa bado changa mno. Karibu wote waliochukuliwa kutoka ufuo huu hawakuwa wamebatizwa.

Hapo ndipo kamati nyingi zitagombana, na ni heri mgombane mapema. Je, asiyebatizwa aandikwe kanisani? Ninasema aandikwe, na ninalisema bila kusitasita. Mnaandika ukumbusho wa wafu wa mahali hapa, hamwandiki orodha ya waumini. Ukuta utakaowaacha nje wapagazi kwa sababu wamisionari walikuwa hawajawafikia utabaki na watu wachache wa vita vya pili, na utarudia kosa lile lile la kuchagua nani ni mtu. Kadhalika Mwislamu wa mwambaoni, kama yupo. Iulizeni familia yake kwanza; ikikataa, heshimuni.

Amueni pia mnakomea wapi. Kuna waliorudi wakiwa wagonjwa wakafa mwaka uliofuata: waandikeni. Kuna waliorudi wazima wakaishi hadi uzeeni: hao wanaweza kupata ukurasa wao kwenye daftari, si ukutani. Kuna vijana wa jeshi letu la Kenya waliouawa Somalia, kama wale wa El Adde Januari 2016. Mama zao wengine bado wako hai na kidonda ni kibichi. Kaeni nao, msiwafanyie uamuzi.

Sasa tufike kwenye ukuta wenyewe. Chagueni upande usiopitwa na watu wanaokwenda komunyo na usioingiza mvua. Msipange kuleta mifupa wala udongo wa kaburi ndani. Sheria ya Kanisa Katoliki hairuhusu kuzika ndani ya kanisa isipokuwa Papa, makardinali na maaskofu wenye jimbo. Majina yanatosha.

Kuhusu mawe, nitawapa maoni yangu wazi. Shaba ni nzuri lakini inaibwa, maana wanunuzi wa chuma chakavu hawaulizi ilitoka wapi. Mbao hupendeza mwaka wa kwanza, kisha mchwa. Marumaru ya dukani huletwa kutoka mbali na gharama yake hupanda na kila kilomita. Tuna jiwe letu jirani, jiwe laini la Tabaka, kaunti ya Kisii, ambalo wachongaji wa pale wamelichonga vizazi na vizazi. Kwa kuwa ni laini, herufi hukatwa upesi na fundi hatozi kama wa graniti. Udhaifu wake ni kwamba hukwaruzika, lakini hiyo ni shida ya mahali pa nje penye mvua na watoto. Ndani ya kanisa, juu ya usawa wa mkono, litadumu. Nendeni Tabaka wenyewe, mkiwa na orodha iliyochapwa. Ombeni bei kwa mafundi watatu, na muulize kama wanatoza kwa herufi au kwa kibao, kwa maana orodha yenye majina ya baba huongeza herufi maradufu. Agizeni kwanza kibao kimoja chenye majina mawili, mkione kwa mwanga wa kanisa lenu, ndipo mlipie vingine. Funga kila kibao kwa matandiko ya nyasi au magodoro ya zamani. Barabara zetu mnazijua.

Kila jina liandikwe kwa ukubwa mmoja, pasiwe na cheo kinachotangulia wala herufi kubwa kwa mtoto wa chifu. Pangeni kwa ukoo au kwa kijiji, ili mtu asiyejua kusoma vizuri ajue upande wa kusimama. Tarehe msizozijua msizibuni. Jina na kijiji vinatosha. Acheni nafasi tupu ya kutosha chini, maana siku ya uzinduzi watakuja watu wakisema, "Wetu mmemsahau." Nawaambia mapema, watakuja, na watakuwa na haki.

Pesa zote za mchango zipite kwenye akaunti ya parokia au namba ya malipo ya kanisa, zisipite kwenye simu ya mtu binafsi hata kama ni mwaminifu. Bandikeni mlangoni kila mwezi kilichoingia na kilichotoka. Kazi ya wafu ikiingia mashaka ya pesa hufa, na hakuna anayeifufua.

Siku ya kuweka wakfu, wengi hufuata Jumapili iliyo karibu na tarehe 11 Novemba, na Wakatoliki wanaweza kuunganisha na tarehe 2, siku ya marehemu wote. Pendekezo langu ni tarehe 25 Novemba, siku vita vilipokwisha kweli katika Afrika Mashariki. Someni majina yote kwa sauti, kila moja lisomwe na mtu wa ukoo wake, kwa lugha yake. Hata yakiwa mia mbili, ni kama nusu saa tu.

Baada ya hapo, daftari lipigwe picha kurasa zote. Nakala moja ibaki kwa paroko, moja dayosisini, moja kwa mwalimu wa historia wa sekondari iliyo karibu. Na nyingine itumeni CWGC kupitia tovuti yao, mkiambatisha jina la aliyetoa kila habari na picha ya medali au ya kaburi la yago kama mnayo. Tangu ripoti ile ya 2021 wanatafuta majina ya Waafrika Mashariki walioachwa nje, na orodha yenye ushahidi kutoka Kisegi ina haki ya kufika mezani kwao kama ya mtu mwingine yeyote.